Bwiza: Feni ya kompyuta kuukuu inapolalamika, inasema nini?

Alasiri ya kiangazi mjini Bujumbura, joto hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na vumbi la barabara za ndani za mtaa wa Bwiza huingia kila penye upenyo. Katika ofisi ndogo zinazochapa barua na kutoa nakala, na katika vyumba vya wanafunzi wanaomalizia tasnifu zao, husikika sauti moja iliyozoeleka. Ni mvumo wa feni ndogo iliyo ndani ya kompyuta mpakato, unaopanda, ukashuka, ukapanda tena. Wakati mwingine mashine huzimika ghafla, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea nayo.

Wengi hulipokea jambo hilo kama ajali ya uzee. Husema kompyuta imechoka, na wakati wake umekwisha. Lakini aghalabu mashine ya namna hiyo haijachoka. Imekosa pumzi. Njia yake ya hewa imeziba, na ikisafishwa kwa uangalifu inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Tofauti hiyo si ndogo katika nchi ambayo Benki ya Dunia inaihesabu miongoni mwa zenye kipato cha chini kabisa duniani. Kompyuta nyingi zinazotumika katika mitaa ya Bujumbura zilifika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, na mnunuzi wake huanza safari na mashine ambayo tayari ina umri. Kwa mwenye ofisi ya kuchapa, kompyuta moja ndiyo duka lake zima. Kwa mwanafunzi, ndimo ulimo utafiti wa mwaka mzima. Kuibadilisha kwa sababu ya tatizo ambalo lingeondolewa kwa brashi na bisibisi ni hasara isiyo ya lazima.

Zaidi ya hayo, vijitabu vya maelezo vinavyoandamana na kompyuta hizo, pale vinapopatikana, huwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Ni nadra kwa msemaji wa Kiswahili wa Bwiza au wa mtaa jirani wa Buyenzi kuona jambo hili limeelezwa kwa lugha anayoitumia nyumbani na sokoni.

Kwa nini mashine ndogo huhitaji feni

Moyo wa kompyuta ni prosesa, kipande kidogo kinachofanya mahesabu yote. Katika kompyuta mpakato za kawaida, prosesa hutumia umeme wa wati 15 hadi 45 inapofanya kazi kwa bidii, na karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Balbu ya zamani ya wati 40 haishikiki kwa mkono ikiwa imewaka. Prosesa hutoa joto la kiasi kama hicho kutoka katika eneo lisilozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Joto hilo haliwezi kuachwa likae hapo. Juu ya prosesa hubanwa bamba la chuma, na kutoka katika bamba hilo hutoka mrija bapa wa shaba. Ndani ya mrija huo uliozibwa pande zote mna maji kidogo sana, na hewa imeondolewa. Upande wa prosesa, maji hayo hugeuka mvuke kwa sababu ya joto. Mvuke hukimbilia upande wa pili ulio baridi zaidi, hugeuka tena kuwa maji, kisha maji hurejea yalikotoka kupitia kuta za ndani za mrija. Mzunguko huo hauna injini wala sauti, nao huendelea maadamu upande mmoja ni wa moto na wa pili umepozwa.

Upande wa pili wa mrija umegandishwa kwenye mapezi, yaani vibamba vyembamba vya chuma vilivyopangwa karibu karibu kama kurasa za kitabu. Hapo ndipo feni huingia kazini. Huvuta hewa kutoka chini ya kompyuta, huisukuma ipite kati ya mapezi, na kuitoa nje kwa matundu ya ubavuni au nyuma, ikiwa imebeba joto la prosesa.

Mnyororo huo una viungo vinne: pesti inayounganisha prosesa na bamba, mrija wa shaba, mapezi, na feni. Kiungo kimoja kikilegea, mnyororo wote hulegea. Joto linapokaribia kikomo, ambacho katika prosesa nyingi ni nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa hujipunguzia kasi ili ijilinde. Mtumiaji huona kurasa zinafunguka polepole na herufi zinachelewa kutokea. Hatua hiyo isipotosha, mashine hujizima yenyewe.

Kwa nini Bwiza ni mahali pagumu kwa feni

Watengenezaji wengi wa kompyuta mpakato hueleza kwamba bidhaa zao zimeundwa kufanya kazi katika hewa isiyozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Bujumbura, iliyo kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ina joto kuliko miji ya milimani kama Gitega. Chumba chenye paa la bati na dirisha moja, mchana wa jua kali, hukikaribia kikomo hicho kwa urahisi. Kadiri hewa ya chumba inavyozidi joto, ndivyo na prosesa inavyozidi, kwa kuwa feni haina hewa nyingine ya kupozea ila ile iliyomo chumbani.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia mwezi Juni hadi Septemba, mvua hukauka na barabara zisizo na lami hutimua vumbi jembamba. Kaya nyingi za jiji hupika kwa makaa, na katika nyua zinazotumiwa na familia kadhaa, moshi na mvuke wa mafuta ya kukaangia huelea pamoja na vumbi hilo. Vumbi kavu peke yake hupeperuka. Vumbi lililochanganyika na masizi na mafuta hunata.

Kuna pia umeme. Shirika la maji na umeme, REGIDESO, limekuwa likikabiliwa na mahitaji makubwa kuliko uwezo wake, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo wakazi wa jiji wamelizoea. Umeme unapokatika, pangaboi la chumbani husimama na chumba hupata joto. Unaporejea, mtumiaji huunganisha chaja na kuendelea na kazi, ilhali betri inajazwa kwa wakati huohuo. Kujazwa kwa betri huongeza joto lake ndani ya mashine ambayo tayari imepata moto.

Maradhi matatu yenye dalili moja

Kosa kubwa linalofanywa na wamiliki wa kompyuta, na hata na baadhi ya mafundi, ni kudhani kwamba joto kali lina sababu moja tu. Sababu kuu ni tatu, na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza ni kuziba. Feni inazunguka vizuri, lakini kati yake na mapezi pamejengeka tandiko la vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Tandiko hilo halionekani kwa nje, kwa sababu liko upande wa ndani wa mapezi. Ndiyo maana kufuta matundu ya nje kwa kitambaa hakusaidii. Dalili yake ni feni yenye sauti kubwa lakini hewa inayotoka ni hafifu.

Ya pili ni feni yenyewe kuchakaa. Mhimili wake umekauka mafuta au beringi yake imelika. Dalili yake ni sauti ya kukwaruza, kugongagonga au kupiga mluzi, hasa mashine inapowashwa asubuhi. Baadaye feni huanza kusimamasimama, na hatimaye haizunguki kabisa.

Ya tatu ni pesti kukauka. Pesti ni uji mzito wa rangi ya kijivu au nyeupe unaopakwa kati ya prosesa na bamba ili kuziba nafasi ndogo ambazo macho hayazioni. Baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Dalili yake ni mashine inayopata moto upesi mno, dakika chache tu baada ya kuwashwa, ingawa feni inavuma sawasawa na hewa inatoka kwa nguvu. Hewa hiyo huwa vuguvugu tu, kwa sababu joto limenaswa kwenye prosesa na halifiki kwenye mapezi.

Uchunguzi usiohitaji bisibisi

Kabla ya jambo lolote, kazi muhimu inakiliwe. Kompyuta inayozimika yenyewe inaweza isiwake siku inayofuata, na tasnifu iliyonakiliwa kwenye flashi au kutumwa kwa barua pepe ni salama kuliko ile iliyo mahali pamoja tu. Mashine hununuliwa upya, lakini kazi ya mwaka mzima hainunuliki.

Hatua inayofuata ni kuhakikisha kwamba feni haina sababu halali ya kuvuma. Katika mfumo wa Windows, kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc hufungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Iwapo prosesa inatumika kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake ilhali mtumiaji hajafungua chochote, huenda kuna programu inayojisasisha, au kirusi kinachofanya kazi kwa siri. Hapo feni haina kosa. Inatimiza wajibu wake.

Kisha hufuata jaribio la karatasi. Kompyuta iwekwe juu ya meza ngumu na ifanyishwe kazi, mathalani kwa kuonyesha video kwa muda wa dakika kumi. Ukanda mwembamba wa karatasi laini ushikwe mbele ya matundu yanayotoa hewa. Karatasi ikipepea kwa nguvu, njia ya hewa iko wazi. Ikitikisika kidogo tu ilhali feni inasikika ikivuma, pameziba. Isipotikisika na sauti isisikike, huenda feni imesimama. Katika mashine nyingi, tochi ya simu ikimulikwa kwenye matundu ya chini huonyesha mabawa ya feni, na mtu anaweza kuona kama yanazunguka.

Baadhi ya kompyuta husema zenyewe. Za aina ya ThinkPad huandika kwenye kioo maneno mawili, Fan error, kisha hukataa kuendelea kuwaka. Za HP huonyesha tangazo lenye namba 90B. Yote mawili yana maana moja: mashine imejaribu kuizungusha feni na haikupata jibu. Katika kompyuta nyingi za Dell, kubonyeza F12 wakati wa kuwasha huleta orodha yenye kipengele cha uchunguzi wa vifaa, feni ikiwa mojawapo. Katika nyingi za HP, kitufe cha F2 hufungua ukurasa wa namna hiyo.

Anayetaka kujua kiwango cha joto kwa tarakimu anaweza kutumia programu zisizolipiwa kama HWiNFO au Core Temp. Kompyuta iliyotulia kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 40 na 60, na inapofanya kazi nzito hupanda hadi 70 au 90. Inayofika 95 kwa kuandika barua tu inaomba msaada.

Ifahamike pia kwamba si kila kompyuta ina feni. MacBook Air zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, zenye prosesa za Apple, hazina feni kabisa, na ukimya wao si ugonjwa.

Kusafisha bila kuharibu

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: bisibisi ndogo inayolingana na skrubu, brashi laini mpya kama ya kupakia rangi, kijiti cha kuchokolea meno, na karatasi nyeupe. Kompyuta izimwe kabisa, si kulazwa usingizi, na chaja iondolewe. Betri inayochomoka kwa nje ichomolewe. Iliyo ndani itenganishwe na bodi kuu mara tu kifuniko kinapofunguliwa, kabla ya kugusa kitu kingine. Kugusa chuma kilicho wazi kabla ya kuanza huondoa umeme tuli mwilini.

Kuna jambo moja la kuangaliwa kabla ya kufungua. Ikiwa kompyuta hailali sawa juu ya meza, au sehemu ya kuelekezea kidole imeinuka, huenda betri imevimba. Betri ya namna hiyo isichajiwe, isibonyezwe wala kuchokolewa, kwa kuwa inaweza kushika moto. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu, na haipaswi kusubiri.

Karatasi nyeupe ni ya skrubu. Mchoro wa sehemu ya chini ya kompyuta uchorwe juu yake, na kila skrubu inayotoka iwekwe mahali pake kwenye mchoro. Skrubu za kompyuta hazilingani urefu, na ndefu ikiingizwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi kuu. Mashine nyingi zilizoingia kwa fundi na ugonjwa mdogo zimeharibika kwa njia hiyo.

Feni ikishaonekana, vumbi lisugliwe kwa brashi taratibu, na tandiko lililo kati ya feni na mapezi liinuliwe kwa kijiti. Mara nyingi hutoka likiwa kipande kimoja. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwa sababu mate huingia ndani. Kipulizio kidogo cha mkono chenye mpira kinatosha.

Hapa pana kishawishi kinachowahusu hasa wakazi wa Bwiza. Buyenzi, mtaa wa jirani unaojulikana kwa gereji zake, una mashine za upepo za kujazia matairi. Ni rahisi kufikiri kwamba pumzi moja kali itamaliza kazi yote. Lakini upepo huo hubeba maji na mafuta kutoka katika tangi lake, na nguvu yake huizungusha feni kwa kasi ambayo haikuundwa kuistahimili. Beringi huumia, na feni inayozungushwa kwa nguvu hugeuka kuwa dainamo ndogo inayoweza kurudisha umeme kwenye bodi kuu. Hata kwa kipulizio cha mkono, mabawa ya feni yazuiwe kwa kijiti yasizunguke.

Mende ni wageni wengine wa ndani ya kompyuta zinazolazwa karibu na jikoni, kwa kuwa hupenda mahali penye joto na giza. Mabaki yao yaondolewe kwa brashi ileile.

Feni ikichakaa

Feni inayokwaruza inaweza kupewa tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wake, iwapo imeundwa kwa namna inayoruhusu kuchomoa mabawa. Tone moja linatosha. Likizidi hurushwa kwenye mapezi na kuwa gundi ya vumbi jipya. Mafuta ya kupikia, yawe ya mawese au ya alizeti, huganda na kuongeza msuguano. Dawa za kulegezea kutu huyeyusha mafuta yaliyosalia kisha hukauka, na baada ya siku chache kelele hurudi kwa ukali zaidi.

Hata hivyo mafuta ni tiba ya muda. Beringi iliyolika hairudi kuwa mpya, na suluhisho la kudumu ni kubadilisha feni. Kila feni ina kibandiko chenye namba yake na kiwango cha umeme, ambacho kwa kawaida ni volti 5. Namba hiyo ipigwe picha kabla ya kwenda kununua. Aina moja ya kompyuta inaweza kuwa na feni mbili tofauti kulingana na prosesa yake, na feni inayofanana kwa sura inaweza kutofautiana kwa idadi ya nyaya. Feni iliyotolewa katika kompyuta iliyokufa kwa sababu nyingine, kama vile kioo kuvunjika, inaweza kufaa, mradi izungushwe kwanza kwa kidole na ionekane inateleza bila kukwama.

Plagi ya feni ni ndogo na dhaifu. Ichomolewe kwa kuisukuma kwa ukucha pande zote mbili, wala si kwa kuvuta nyaya zake.

Pesti, kazi ya mwisho

Kubadilisha pesti ni hatua inayofuata kusafisha, na si mbadala wake. Kompyuta iliyoziba vumbi haitapona kwa pesti mpya, hata ikiwa ya bei ya juu.

Bamba likishaondolewa, pesti ya zamani ifutwe kwa pamba na spiriti safi mpaka chuma king'ae. Pesti mpya yenye ukubwa wa punje ya mchele iwekwe katikati ya prosesa, kisha bamba lirudishwe. Skrubu zake aghalabu zimeandikwa namba, na zikazwe kidogo kidogo kwa kufuata mpangilio wa namba hizo ili uzito ugawanyike sawa. Pesti nyingi haipozi zaidi. Hufanya nafasi kuwa nene na joto kupita kwa shida.

Dawa ya meno, ambayo husifiwa kama mbadala, ina maji ambayo hukauka kwa siku chache karibu na joto la prosesa, na kuacha unga usiopitisha joto vizuri. Pale ambapo mtengenezaji ameweka vipande laini kama mpira badala ya pesti, virudishwe vilevile. Vipo ili kujaza nafasi kubwa ambayo pesti haiwezi kuifikia.

Maswali ya kumwuliza fundi

Si kila mtu anapaswa kufungua mashine yake mwenyewe. Baadhi ya kompyuta nyembamba huhitaji kutolewa vifaa karibu vyote kabla ya feni kufikiwa, na mwenye mkono usio na mazoea anaweza kupoteza zaidi ya alichotaka kuokoa. Lakini mteja anayejua tofauti ya maradhi yale matatu huzungumza na fundi kwa namna nyingine.

Badala ya kusema mashine inapata moto, anaweza kueleza kwamba feni inavuma lakini karatasi haipepei, au kwamba inakwaruza asubuhi tu. Anaweza kuuliza kama mapezi yamesafishwa kwa ndani, kama pesti imebadilishwa au imeachwa, na kuomba kuonyeshwa feni ya zamani iliyotolewa. Kabla ya kulipa, ni haki yake kurudia jaribio la karatasi hapohapo, mbele ya fundi. Fundi mwaminifu hakerwi na maswali hayo.

Kinga ya kila siku

Kompyuta iliyowekwa juu ya godoro, mto au mapaja yaliyofunikwa kwa kitenge huzibwa matundu yake ya chini, yaani mdomo inaovutia hewa. Meza ngumu inatosha. Vibao viwili vyembamba au vifuniko vinne vya chupa vikiwekwa chini ya pembe zake huinua mashine kidogo na kuongeza njia ya hewa. Kitambaa cha kuikinga na vumbi ni kizuri usiku, mashine ikiwa imezimwa, na ni hatari ikiwa inafanya kazi. Kompyuta iwekwe mbali na jiko la makaa na mbali na mlango unaotazama barabara.

Kwa mtaa kama Bwiza, kusafisha mara moja mwanzoni mwa kiangazi na mara nyingine mvua zinaporejea ni mpangilio unaofaa kwa mashine inayofanya kazi kila siku. Inayotumika kwa nadra inaweza kungoja mwaka mzima.

Suala hili linazidi kuta za nyumba moja. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki katika mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa mfumo wa Windows 10, na mamilioni ya kompyuta ambazo bado ni nzima zimeingia katika hatari ya kutupwa kabla ya wakati wake. Nyingi kati ya hizo zinaweza kuendelea kutumika kwa mifumo myepesi kama Linux, mradi zipate pumzi.

Feni ya kompyuta ni mojawapo ya sehemu zake chache zinazozunguka, na ndiyo inayotoa taarifa mapema. Huvuma, hukwaruza, kisha hunyamaza. Anayeishughulikia inapovuma hulipia usafi. Anayesubiri inapokwaruza hulipia feni. Anayengoja mpaka inyamaze, huenda akalazimika kulipia kompyuta nzima.